MAMA WA STAA HAJAROGWA, NA BIBI YANGU PIA HAJAROGWA

Wiki hii kuna klipu imesambaa balaa. Staa mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, kajirekodi na mama yake, na mama anamuuliza mara tatu ndani ya dakika moja: "We kijana ni mtoto wa nani?" Nikashuka kwenye komenti. "Karogwa huyo." "Staa katoa kafara." "Magari yote hayo, mama kamtelekeza." Nikaona hapana, leo umbea pembeni.

Nyumbani kwetu Mbagala tunaye bibi mzaa mama, miaka 78. Sukari anayo muda mrefu, presha anayo, magoti ndo usiseme. Miaka mitatu iliyopita ikaongezeka demensia. Wengi mnadhani demensia ni kusahau majina tu. Hiyo ndo sehemu nyepesi. Zamani bibi alikuwa ananitania "mume wangu", siku hizi ananiita jina la kaka yake aliyefariki kitambo. Naitika tu, maisha yanaendelea.

Shughuli ipo pale demensia inapokutana na magonjwa mengine. Mtu wa sukari anatakiwa akumbuke kala saa ngapi, kameza dawa au bado. Bibi anameza, nusu saa baadaye anadai hajapewa, anataka tena. Mchana kala ugali vizuri, jioni anamwambia jirani, "Hawa wananishindisha njaa." Jirani anausambaza kama ulivyo. Mama yangu, aliyeacha biashara yake ya vitumbua ili amuuguze, mtaani anaonekana mtoto katili.

Usiku mmoja bibi aliamka anaongea vitu havieleweki, jasho linamtoka, anasukuma kila anayemsogelea. Mjomba akasema, "Si ndo ugonjwa wake? Mwacheni alale." Mama akagoma, akachukua kipimo cha sukari. 2.7! Wakati ikishuka chini ya 4 tu ni hatari kwa mgonjwa anayetumia dawa. Bahati nzuri alikuwa bado ana uwezo wa kumeza, tukampa maji ya sukari, baada ya robo saa tukapima tena, ikapanda. Asubuhi hospitali, dozi ikapunguzwa. Yaani mama angemsikiliza mjomba, ningekuwa nimeandika tanzia.

Wadau, shikeni hii: mtu wa demensia akibadilika ghafla, ndani ya masaa au siku mbili tatu, usiseme "ndo zake". Inaweza kuwa sukari imeshuka, UTI, mwili kukosa maji, au maumivu ambayo hawezi kuyasema. Bibi akiulizwa kliniki anajisikiaje, anajibu "mzima kabisa mwanangu", huku magoti yamevimba. Ndo maana haendi peke yake. Dawa zake zinafungiwa kabatini, na anayempa anaandika saa kwenye daftari. Lile daftari ndo kumbukumbu yake siku hizi.

Na uchawi haupo hapo. Daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alieleza aina inayoongoza ya ugonjwa huu tangu mwaka 1906. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wanaishi na demensia, na zaidi ya nusu wako kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Tena presha na sukari ni kati ya vitu vinavyoongeza uwezekano wa kuupata. Kwa hiyo mama naye siku hizi akimpima bibi presha, anajifunga na yeye kile kitambaa mkononi. Mimi pia.

Mwenye mgonjwa kama huyu nyumbani, tupia hapo chini: zamu za usiku mnagawanaje? Maneno ya majirani mnayapokeaje? Mama hana simu kubwa, ila komenti zote nitamsomea.