Milima ya Usambara na Haki ya Mkimbizi

Kutoka Mombo tulipanda njia ya mizunguko, kilima juu ya kilima, tukapita maporomoko ya Soni, hata tukaingia Lushoto, mji wa baridi ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Wageni wengi huufuata kwa hewa yake njema. Sisi tulitaka kujua jinsi milima hii ilivyompokea mtu aliyekimbia.

Mtu huyo ni Mbegha, ambaye habari zake zimeandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi. Alikuwa mwindaji kutoka Ngulu. Kwa kuwa alizaliwa kigego, yaani aliota kwanza meno ya juu, jamaa zake walimnyima urithi. Akakimbilia Kilindi, na mwana wa mkubwa wa huko alipofia mawindoni, Mbegha akakimbia tena mpaka Usambara. Hakuwa na ukoo wala shamba. Washambaa walimkaribisha, naye akawapa nyama, akawaua nguruwe walioharibu mazao yao, akawaamua kwa haki. Mwishowe watu wa Vuga wakamtawaza. Aliyefika akitafuta mahali pa kulala ndiye aliyekuwa babu wa wafalme.

Lakini milima hii imeona pia kinyume cha hayo. Kutoka Irente tulitazama chini bondeni, tukaiona Mazinde alikokaa Semboja, mwana wa Mfalme Kimweri. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ufalme wake uligombaniwa, watu wakatekwa na kuuzwa pwani. Kusini ya hapa, katika Uzigua, wengi walikuwa wamekwisha kuuzwa, na baadhi yao wakapelekwa hata bonde la mto Juba katika Somalia.

Tazama, msomaji mpenzi, mambo yalivyogeuka. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita vikaenea, wajukuu wa watu wale, wangali wakisema Kizigua, walikimbilia Tanzania. Walipokewa Handeni, baadaye wakapewa makao na mashamba Chogo, na wengi wao wakapata uraia. Kadhalika Warundi waliokimbia mauaji ya serikali yao mwaka 1972: mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walifanywa raia wa Tanzania.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kulisahau jambo hili. Yapata mwaka 615 Masahaba walikimbia mateso ya Makureshi, wakaenda Uhabeshi. Makureshi wakapeleka wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi hakupokea maneno ya upande mmoja; alimsikiliza kwanza Jaafar bin Abi Talib, kisha akakataa kuwatoa. Na Sura ya Al-Insan inamtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima katika wale wanaolishwa kwa kumpenda Mwenyezi Mungu.

Basi nyumba zetu zifanye nini? Mtu akifungwa kwa ajili ya maneno yake, mkewe asikose unga, wala mtoto wake asitolewe shuleni kwa kukosa ada, wala majirani wasiukwepe mlango wake kwa hofu. Mkimbizi akija, tumsikilize kabla ya kumhukumu, kisha tumpe kazi, maana sadaka ya leo huliwa leo, bali jembe humlisha mwaka mzima. Washambaa hawakujua kwamba wanampokea mfalme. Walimpokea mtu mwenye haja, na hilo liliwatosha.