Mshale Ukisema 120

Abiria wa viti vya nyuma hunionyesha simu zao: "Rubani, leo tunakimbia, kilomita 250!" Ni kweli, lakini hiyo ni spidi ya kivuli cha ndege kinachopita juu ya Kipatimu. Bawa halijui ardhi. Linajua hewa inayolipiga usoni tu.

Narusha ndege ndogo ya injini moja kati ya Dar es Salaam, Songo Songo na Kilwa Masoko. Spidi ya hewani hupimwa na kijibomba chini ya bawa, pamoja na vitundu vya ubavuni. Usipokifunika ndege inapolala, nyigu hujenga nyumba ya udongo humo. Boeing 757 ya Birgenair iliyoanguka karibu na Puerto Plata Februari 6, 1996, ikaua watu 189, inadhaniwa iliponzwa na nyigu kama hao. Rubani aliona saa yake ya spidi haifanyi kazi ndege ikiwa bado inakimbia chini, akaondoka hivyohivyo.

Saa iliyokufa hunisumbua kidogo: mshale usiponyanyuka, naacha kuruka. Naogopa ile inayodanganya kidogo.

Msimu mmoja wa kusi, ndege ilianza kuzama mapema wakati wa kutua, honi ya tahadhari ikilia kabla ya wakati wake. Mwenye ndege akasema ni mkono wangu.

Alfajiri, kabla milima ya Matumbi haijapata joto na kuanza kutikisa hewa, nikapanda futi 5,000 juu ya Kipatimu kuipima saa. Nje nyuzi 20. Nikaushikilia mshale kwenye noti 120. Kwenda kaskazini, GPS ikasoma 139. Kusini, 109. Mashariki 125, magharibi 125. Wastani, 124 na nusu. Kwa urefu na joto lile hewa ni nyepesi, hivyo 120 ya saa isiyodanganya ingenipa wastani wa 133 hivi. Kwa hiyo palipoandikwa 120, ukweli ulikuwa 112.

Tena itazame ile 139. Ningepima upande huo tu, kusi lingenipongeza.

Fundi alifungua dashibodi akakuta kiungo cha mpira unaotoka kwenye vitundu vya ubavuni kimelegea. Saa ilikuwa inavuta hewa ya ndani, ambayo ndege ikiwa angani huwa na kanieneo ndogo kuliko ya nje. Kipimaurefu nacho kilizidisha, ila si zaidi ya futi 100, na ndege ikisimama chini vyote vilisoma sawasawa. Nani angeshtuka?

Kiungo kikakazwa. Nikarudia mizunguko ileile, pande zote nne, na safari hii hesabu ikakubali. Mwenye ndege akauliza nani atalipa mafuta.