Staa Alitaka Land Rover ya Babu Inyamaze, Fundi wa Kitangari Akagoma

Wadau, siku hizi gari likisikika tu watu wanalihukumu. Mtu anasikiliza sekunde tatu, anakwambia "hiyo injini imeisha". Kwa magari mengi ya sasa yuko sahihi, maana tapeti zake zinajiseti zenyewe kwa presha ya oili. Lakini kuna magari ambayo kelele kidogo ndiyo uzima wake. Nimelishuhudia hili Kitangari, kule Newala, kwenye harusi ya mtangazaji mmoja wa Dar mnayemjua fika. Jina kapuni, ni binamu yangu na bado nataka kualikwa kwenye mambo yake.

Binamu alitaka aingie kwenye sherehe na Land Rover ya babu, Series III ndefu, injini ya petroli ya lita 2.25. Matoleo hayo yalianza kutoka 1971, yakakoma 1985. Ila babu hajaliweka gari kwa mapambo. Harusi ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, korosho ndiyo zinaanza kukusanywa, na gari hilo ndilo linalotoa magunia shambani hadi ghala la chama. Msimu wote wa mzee umekaa juu ya magurudumu yale manne.

Sasa mpiga video akalalamika: tiki-tiki-tiki inaingia kwenye maiki. Binamu akaita fundi, akamwongezea hela juu ya ujira, sharti moja tu: "Bana hizo tapeti mpaka isisikike."

Fundi (naye kapuni, hana hata Insta) akasema tusubiri injini ipoe. Tukakaa chini ya mkorosho, na hapo ndipo alipotupa darasa.

Kwenye injini ile kamshafti inasukuma tapeti ya chuma kitupu, tapeti inasukuma fimbo, fimbo inainua roka, roka inakandamiza valvu. Hakuna oili ya kuziba nafasi katikati. Chuma kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo lazima kiachiwe upenyo: milimita 0.25, valvu zote nane. Upenyo huo ndio unaogonga. Ukiuziba, valvu haifungi sawasawa. Na valvu ya ekzosi huwa inapoa pale inapogusa kiti chake. Ikibaki wazi hata kidogo, moto unapita pembeni na ukingo unaungua. Siku hiyo gari halikwambii kitu. Linakuja kukwambia mlimani, na magunia.

Kibaya zaidi, injini hizi huwa zinanyamaza zenyewe pole pole. Kiti kinalika, valvu inazama, upenyo unajifunga. Zamani petroli yenye madini ya risasi ilikuwa inavilinda viti. Ilipofika Januari 2006 nchi zetu za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo, na kwa afya ya watoto tushukuru, ila injini za kizamani zikabaki na viti vyao laini.

Injini ilipopoa akatoa plagi ili izunguke kirahisi, akafungua kava la tapeti, akachomeka hendeli mbele. Mimi nazungusha, yeye anaangalia. Nilichokipenda ni hesabu yake: jumla iwe tisa. Valvu namba 1 ikifunguka yote, unaseti namba 8. Ikifunguka 6, unaseti 3. Hakuandika popote, na hakurudia mara mbili. Analegeza nati, anapitisha fila geji, anazungusha bisibisi hadi ile bapa ikwame kidogo, anashikilia hapo hapo na kukaza nati, halafu anapima tena. Wengi wanaruka hiyo ya mwisho, na nati ikikazwa huwa inavuta kipimo.

Namba 3 ilikuwa imelegea, ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Lakini alipofika namba 8, ya ekzosi, fila geji haikuingia kabisa. Ile iliyokuwa kimya ndiyo iliyokuwa inaungua.

Akaiachia namba 8 upenyo wake, akaibana 3. Tukawasha. Tiki-tiki imepungua, haijaisha. Akatuonyesha kwa nini: ncha ya roka ya 3 imelika, ina kishimo, fila geji inapita juu ya kishimo kama daraja. Kipimo kinasoma 0.25 lakini upenyo wenyewe ni mkubwa zaidi.

"Si uibane tu hiyo moja?" binamu akasema. "Fundi, si nalipa mimi?"

"Kaka, hela yako. Gari la mzee."

Akamrudishia ile nyongeza, noti zikiwa zimekunjwa vile vile alivyopewa. Binamu akanigeukia mimi kama vile nina kura. Babu alikuwa amekaa pembeni muda wote, hajasema neno.

"Mjukuu wangu," akasema, "harusi ni Jumamosi. Jumatatu korosho nazibeba na nini?"

Mjadala ukafungwa hapo. Jumamosi gari lilipandisha bibi na bwana harusi, wapambe na shangazi wawili ambao hawakuwa kwenye mpango, bila kukohoa. Video ilipotoka, mpiga video kaweka Bongo Fleva juu mwanzo mwisho, tiki hata moja husikii.

Wiki mbili baadaye babu akanipigia simu. Harusi hakuigusia. Alitaka nimuulizie Kariakoo kama roka ya Series III inapatikana, hata moja tu.