Kamba Bila Mbuzi

Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa Dar es Salaam mwezi wa Desemba, utani huu unaujua: ikifika tarehe 20 Wachaga wote wameshaondoka, na ukimwona mmoja bado anazurura mjini, basi ama anauguza ama kachacha. Mimi ni Mchaga wa Kibosho, na Krismasi ya 2022 na ya 2023 nilibaki mjini. Sikuwa nauguza mtu.

Kazi yangu katika duka moja la kuchapa kadi iliisha katikati ya mwaka 2022. Hilo peke yake si ajabu, kazi huisha. Ubaya ni kwamba nyumbani sikumwambia mtu. Mama alipopiga simu kuuliza nakuja lini, nilimjibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli: "Mama, kazi zimebana mno mwaka huu." Nikishakata simu najilaza chali chumbani kwangu Mabibo, nahesabu misumari ya bati.

Utauliza, kwa nini nisiende tu? Jamani, kwenda Moshi Krismasi si safari, ni mtihani. Watu huanza kujiandaa tangu Oktoba. Wapo wanaokodi gari ili mradi waonekane wanapanda mlima wameshika usukani. Kisha kijiji kinasahihisha: wa kwa fulani kaleta kreti kumi za bia, wa kwa fulani kamwezekea mama yake nyumba, wa kwa fulani kaja mikono mitupu, sijui huko mjini anafanya nini. Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoyaogopa. Tarehe 23 Desemba 2023 nilikwenda Kariakoo, nikasukumana na umati, nikauliza bei za vitenge kama mtu mwenye hela, nikatoka na soksi jozi moja. Usiku wa mkesha nilikula chipsi mayai, nikalala mapema nisisikie watu wakienda kanisani.

Desemba 2024 simu yangu ikaingia Sh 80,000 kutoka kwa Mama. Haikupita dakika akapiga.

"Nauli hiyo. Usilete kitu."

Akakata. Nilijua fika kwamba mama yangu hana fedha ya namna hiyo, lakini nikajidanganya kwamba labda kahawa imelipa.

Nilipanda basi pale stendi ya Mbezi alfajiri. Wenzangu walikuwa wanapakia majokofu na televisheni. Mimi nilikuwa na begi la mgongoni, ndani yake kilo mbili za sukari na miche miwili ya sabuni. Moshi mjini nikadandia Hiace ya kupanda Kibosho, nikamalizia kwa miguu katikati ya migomba huku nikiomba nisikutane na mtu.

Kwetu mbuzi wa Krismasi hufungwa bandani miezi kadhaa, analetewa majani mpaka anenepe. Tangu utotoni nikirudi nyumbani huanza kumwona yeye. Siku hiyo nilikuta kamba tu. Ncha moja imefungwa kwenye nguzo, nyingine iko chini.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Umefika."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Si ndiye uliyempanda kuja huku," akajibu, akarudi jikoni.

Nilisimama pale nje muda mrefu.

Asubuhi ya sikukuu tulikwenda kanisani. Pembeni ya altare palikuwa na pango, limetandikwa nyasi. Padri akatukumbusha kwamba ni Fransisko wa Assisi aliyeandaa pango la namna hiyo pale Greccio, Italia, mwaka 1223: hori, nyasi, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini wa usiku ule. Nilipokuwa mdogo hadithi hiyo hainishangazi hata kidogo. Katika nyumba ya msonge ya bibi yangu ng'ombe walilala ndani humo humo na watu. Mama aliyejifungua kando ya ng'ombe angekuwa jirani yetu wa kawaida, na hakuna ambaye angemuuliza kaja na kreti ngapi.

Mchana tulikula kiburu, ndizi na maharage, na maziwa ya mgando. Nyama haikuwepo. Nikaona nikinyamaza hapo, sitasema tena maisha.

"Mama, sina kazi tangu 2022."

Mdogo wangu akaacha kutafuna.

"Najua," Mama akasema. "Mtu mwenye kazi hupiga simu mwenyewe. Wewe ulikuwa unapigiwa." Akaniongezea ndizi. "Mbuzi namfuga ili mje. Msipokuja, ni mbuzi tu."

Jioni baba mkubwa akapita kutusalimia, akatupa macho bandani, kisha akanitazama mimi. "Kijana wa mjini katuletea nini?" Mama akamiminia chai. "Kaleta sukari. Kunywa."

Sitakudanganya, msomaji, kwamba kijiji kilinyamaza. Maneno yalisemwa, mengine niliyasikia kwa masikio yangu njiani. Hayakuniua. Tangu hapo sisi ndugu tumekubaliana: Desemba nauli kwanza, sukari baadaye, mashauzi tuwaachie wenye nayo.

Na wewe kijana mwenzangu unayehesabu misumari ya bati, ikifika Desemba tafuta nauli tu. Nauli nayo ikikosekana, piga simu wewe, useme.

Siku ya kuondoka niliikunja ile kamba nikitaka kuitupa. Mama akaninyang'anya, akaitundika ukutani. Alisema bado ina kazi.