Bonde la Havana na mmea ulioitwa tasa

Juma hili tunasafiri mbali: mpaka jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, katika wilaya ya Hale. Huko kuna bonde dogo liitwalo Havana Glen. Ni mahali pa msitu, mawe yake yana kivuli na unyevu. Juu ya mawe hayo huota kangaga moja ambayo haijaonekana kuota yenyewe mahali pengine popote duniani.

Kangaga mnazijua. Ni mimea yenye majani kama manyoya, huota karibu na chemchemi tunakochota maji. Haina maua wala mbegu. Ukigeuza jani utaona madoa ya kahawia, na ndani yake mna vumbi laini liitwalo spora. Upepo hulichukua, likiangukia penye unyevu huzaa mmea mpya.

Kangaga ya Havana ilizaliwa na wazazi wa aina mbili. Mmoja ana kikonyo cheusi kinachong'aa kama mpingo, na vijani pande zote mbili kama meno ya kitana. Wa pili Wamarekani humwita kangaga inayotembea: jani lake ni refu, na ncha ikiinama na kugusa udongo hutoa mizizi, pakaota mmea mwingine. Mtoto amefanana na wote: chini jani limekatikakatika, juu limechongoka.

Watoto wa namna hii huonekana mmoja mmoja mashariki mwa Marekani. Mwaka 1902 mwanamke aitwaye Margaret Slosson alionyesha kwamba wazazi hao wawili wakichanganywa humpata mtoto yuleyule. Hivyo asili yake ikajulikana kwa hakika.

Lakini watoto hao kwa kawaida ni tasa. Kila mmoja hupokea kromosomu 36, yaani vibeba urithi, kutoka kila upande. Za upande huu hazilingani na za upande ule, kila moja hukosa mwenzake, na spora huharibika.

Huko Havana ilitokea tofauti. Kromosomu ziliongezeka mara mbili, kutoka 72 hadi 144. Kila moja ikapata mwenzake, spora zikawa nzima, na mmea ukaanza ukoo wake wenyewe.

Aliyeuona bondeni humo mwaka 1873 ni mwalimu Julia Tutwiler, ambaye baba yake alikuwa na shule karibu na hapo. Ndiye pia aliyepigania wasichana waingie Chuo Kikuu cha Alabama, na wafungwa watendewe kama watu. Alifariki mwaka 1916. Mwaka 2007 wataalamu waliupa mmea jina lake: Asplenium tutwilerae.

Nyumba yake ni bonde hilo moja tu. Miti ya kivuli ikikatwa na mawe yakikauka, hakuna kwingine pa kuutafuta.

Nasi tuna mabonde yetu. Kabla ya kukata miti iliyo juu ya chemchemi, tuangalie kwanza kinachoishi chini yake. Na neno "tasa", ambalo kwetu limevunja nyumba nyingi, tusiwe wepesi kulitamka juu ya mwenzetu.

Mkienda kuchota maji na watoto, waonyesheni kangaga. Geuzeni jani pamoja, mtafute yale madoa.