Neno la Barua ya Biashara

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na barua isiyo na neno sahihi huipoteza mali huku mwenyewe akitazama. Ukweli huu huonekana wazi Kigoma. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika huko mwaka 1914. Mwaka 1921, kwa mkataba wa Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa sehemu ya bandari kwa bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi. Hivyo Kiingereza na Kifaransa vilikutana gatini, na kati yao kilisimama Kiswahili, ambacho misafara ya pwani ilikifikisha Ujiji katika karne ya 19.

Lugha tatu zikutanapo, neno huweza kuvaa joho la jirani yake. Mfaransa asemapo "demander" huomba tu. Mwingereza asomapo "demand" huona madai, na nyuma ya madai huona wakili. Karani wa ng'ambo ya ziwa, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, akiandika neno hilo anapoulizia bei ya chumvi ya Uvinza, ameomba kwa moyo na kutisha kwa kalamu. Neno alilolihitaji ni "request".

Kiswahili nacho kina mtego wake. Mzigo hufika bandarini, hufika ghalani, na hufika mkononi mwa mnunuzi. Kitenzi ni kimoja. Kiingereza cha biashara hutenga: "arrived" ni kuwasili, "delivered" ni kukabidhiwa. Mnunuzi wa dagaa ajibuye kwa neno la pili, hali magunia yangali gatini, amekiri kwa saini yake kuwa ameyapokea. Mvua ikiyalowesha usiku ule, barua yake mwenyewe huwa shahidi dhidi yake.

Wako wapendao maneno makubwa, wakidhani ukubwa wa neno ni ukubwa wa elimu. Barua ya biashara haina haja na fahari hiyo. Neno lake ni ahadi, na ahadi ni deni. Mwandishi mwenye busara, kabla ya kutia saini, huliuliza kila neno zito: Linamfunga nani, kwa kitu gani, tangu lini? Lisilojibu huachwa, hata likiwa zuri. Lijibulo huandikwa, hata likiwa dogo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na kalamu ni ulimi usioweza kukana ulichosema.