Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Wasomaji wetu, siku hizi kompyuta si kitu kigeni vijijini. Ziko shuleni, ziko katika zahanati, ziko katika ofisi za vyama vya ushirika, na mambo mengi yaliyokuwa yakiandikwa katika madaftari sasa yatunzwa ndani yake. Walakini wengi wetu twazijua kwa nje tu: twajua kuziwasha, kuziandikia, na kuzizima. Siku mtu anapobadili jambo fulani ndani, na kompyuta ikakataa kuamka, twashikwa na hofu, tukadhani imekufa. Kwa hiyo tumeona vema kueleza machache juu ya jambo hili, jinsi tulivyolisoma na jinsi lilivyotupata shuleni kwetu, ili likiwapata wengine wasipoteze mali yao, wala wasivunje heshima ya mtu bure.

Kwanza yafaa kujua jinsi kompyuta iamkavyo. Mtu abonyezapo swichi, mashine haijui lolote: haijui kama ina diski, wala kama ina kibodi. Lakini katika ubao mkuu wa ndani, ule ambao mafundi wauita madabodi, kuna programu ndogo iliyotiwa na kiwanda. Hiyo ndiyo iamkayo kwanza. Huvikagua viungo vyote kimoja kimoja, kisha huitafuta diski, na kuikabidhi kazi programu kubwa kama Windows. Jina lake la zamani ni BIOS, nalo lilionekana kwanza mwaka 1975 katika programu ya CP/M iliyotungwa na Mmarekani Gary Kildall. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, nayo ilikuwa na BIOS yake, na jina hilo likaenea duniani.

Programu hiyo ndogo hupokea maagizo ya mwenye mashine: diski ipi itafutwe kwanza, saa ni ngapi, na kadhalika. Mtu huyafikia maagizo hayo kwa kubonyeza F2 au Delete, au kitufe kingine kadiri ya mashine, mara tu baada ya kuiwasha. Katika kompyuta ya IBM iitwayo AT, iliyotolewa mwaka 1984, maagizo hayo yalitunzwa katika kumbukumbu ndogo yenye betri yake, yasisahauliwe umeme ukatikapo. Betri ya kazi hiyo katika kompyuta nyingi za mezani za leo ni ya duara kama sarafu, ina volti 3, na yaitwa CR2032, kwa maana upana wake ni milimita 20 na unene wake milimita 3.2.

Miaka ilipopita BIOS ilionekana kuwa imezeeka, ikapata mrithi aitwaye UEFI, anayesimamiwa na umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2005. Hawa wawili, mzee na mrithi, ni kama mabawabu wenye desturi mbalimbali. Mzee huisoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski, yaani baiti 512 tu, akafuata maagizo ayakutayo hapo. Mrithi hufungua chumba kidogo kilichotengwa ndani ya diski, akatafuta humo faili la kuanzia. Diski iliyopangwa kwa desturi ya mzee aghalabu haina chumba hicho. Basi ukimwondoa mzee mlangoni, ukamweka mrithi peke yake, atatafuta asione kitu, naye atatangaza kwamba hakuna diski ya kuanzia. Kumbe diski ni nzima, na vyote vilivyomo ni salama. Bawabu tu ndiye asiyejua mlango.

Mambo hayo ndiyo yaliyotupata. Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Ndani yake zilitunzwa alama za maendeleo za wanafunzi 62 wa kidato cha nne, ambazo zilitakiwa kupelekwa kwenye Baraza la Mitihani. Alama nyingine zilikuwamo katika madaftari ya walimu, lakini baadhi ya walimu hao walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na madaftari yao hayakuonekana.

Katikati ya mwaka 2025 habari zilikuwa zimeenea kwamba kampuni ya Microsoft itaacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka huo, kama ilivyokuja kuwa. Mwalimu mmoja kijana, mwenye bidii, akasoma kwamba Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, humtaka yule bawabu mpya, UEFI, pamoja na ulinzi wake uitwao Secure Boot. Akaona heri aitayarishe mashine mapema. Jioni moja akaingia katika maagizo ya ndani, akabadili, akaizima. Asubuhi yake tulipoiwasha, ilivuma, taa ikawaka, na juu ya kioo yakatokea maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba hakuna kifaa cha kuanzia.

Ofisi ikajaa kelele. Mmoja alisema ni umeme wa jana, wa pili akasema ni uzee wa mashine, na wa tatu akasema kwa sauti kubwa kwamba yeyote aliyeigusa atailipa kwa mshahara wake. Kijana akaulizwa, akajibu, "Niliifungua tu, sikubadili kitu."

Akaitwa fundi kutoka mjini. Naye, kwa kuwa hakuambiwa jambo lolote, alifanya kama wafanyavyo mafundi wengi. Alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, akaitoa ile betri ya duara kwa muda, akairudisha, ili maagizo yote yarudi kama yalivyotoka kiwandani. Mashine ikawaka, na maneno yakawa yale yale. Fundi akatikisa kichwa, akasema diski imeharibika, haina budi kufutwa na kupangwa upya. Kama tungalikubali, kazi ya miaka miwili ya watoto 62 ingalipotea siku ile ile.

Lakini mwalimu wetu wa taaluma, mama mwenye miaka mingi katika kazi, akamwomba fundi asiifute kwanza. "Baba," akamwambia, "kama diski imekufa, tuione maiti yake." Basi ikatolewa, ikaunganishwa kwa waya na kompyuta ndogo ya fundi mwenyewe. Mafaili yote yakaonekana, wala hakuna hata moja lililopungua. Tukanakili alama katika flashi mbili, moja ikawekwa kabatini na ya pili akakabidhiwa mkuu wa shule. Hapo mioyo yetu ikatulia, na ndipo tulipoweza kufikiri.

Kisha yule mama akamwita kijana kando, nasi tukiwapo wawili watatu.

"Mwalimu, mwanangu," akamwambia, "hapa hatumtafuti wa kulipa. Twaitafuta njia uliyopita, ili turudi kwa njia hiyo hiyo. Sema ulichogusa, hata kama wakiona ni kidogo."

Kijana akainamisha kichwa. "Mama, niligusa mambo mawili. Nilimwondoa BIOS wa zamani nikaacha UEFI peke yake, na Secure Boot yake. Tena palikuwa na mahali pa diski pameandikwa AHCI, nami nikaweka RAID, kwa kuwa nilisikia yaongeza kasi."

"Mbona hukusema jana?"

"Niliogopa, mama. Nilisikia neno la kulipa."

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini sisi twaongeza kwamba mgonjwa huficha zaidi pale ambapo mganga ashika fimbo.

Baada ya maneno hayo kazi haikuchukua hata saa moja. Diski ikarudishwa mahali pake, na fundi akaliondoa badiliko la kwanza: akazima Secure Boot, akamruhusu tena bawabu mzee. Mashine ikaanza kuamka, alama ya Windows ikatokea, lakini mara kioo kikawa cha buluu, chenye maneno ya kusema kwamba diski ya kuanzia haifikiki. Kama kijana angalitaja jambo moja tu, hapana shaka diski ingalihukumiwa kufa mara ya pili. Lakini tulikwisha kuambiwa jambo la pili. AHCI na RAID ni namna mbili za ubao kusema na diski. Windows ikiwa imezoezwa kuanza kwa namna moja, ukiibadili ghafula, yaweza kukosa kuifikia diski yake yenyewe. Fundi akaandika AHCI badala ya RAID, akahifadhi, akawasha. Windows ikafunguka kana kwamba hapakutokea neno.

Labda msomaji atauliza: mbona kuitoa betri hakukufaa? Jibu ni kwamba dawa ile hurudisha maagizo ya kiwandani, si maagizo ya jana. Mashine yetu ilitoka kiwandani ikiwa na UEFI na RAID. Aliyekuwa nayo kabla yetu aliibadili, akapanga diski yake kwa desturi ya zamani. Kwa hiyo fundi aliporudisha ya kiwandani, alirudisha yale yale aliyoyaweka kijana. Kiwanda hakiijui jana yako.

Hatusemi kwamba dawa ya betri haina kazi. Kama mtu amebadili mwendo wa kumbukumbu au namna ya kutoa picha, na sasa mashine yavuma tu huku kioo ni cheusi, wala maagizo hayafikiki, hapo ndipo pa kuitumia, maana hakuna mlango mwingine. Lakini waya wa umeme uchomolewe kwanza. Na baada yake saa na tarehe zirekebishwe. Tena katika mashine nyingine za sasa maagizo hayategemei betri, ndipo itumiwe ile pini ndogo iitwayo jampa, au njia iliyoelezwa katika kitabu cha mashine.

Kwa hayo tumejiwekea kanuni chache, nasi twawapa wenzetu. Kwanza, kabla ya kugusa maagizo ya ndani, nakili kazi zako mahali pengine. Pili, piga picha kwa simu kila ukurasa wa maagizo kama ulivyo, ili jana yako isipotee. Tatu, badili jambo moja, washa, utazame. Usibadili matatu kwa pamoja, usije ukashindwa kujua lililodhuru ni lipi. Nne, mashine isipoamka, ondoa kwanza badiliko la mwisho kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine. Tano, kama diski imefungwa kwa BitLocker, utafute kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48, maana baada ya mabadiliko Windows yaweza kuudai, na pasipo ufunguo huo mafaili hayafunguki.

Na kuhusu yule kijana, nia yake haikuwa mbaya, ila alianzia mwisho. Ilipasa diski igeuzwe kwanza, ndipo bawabu abadilishwe. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina programu yake yenyewe, MBR2GPT, iwezayo kuigeuza diski kutoka desturi ya mzee hadi ya mrithi bila kufuta kilichomo. Alama zilipokwisha kupelekwa, na likizo ikaingia, tulimkabidhi yeye kazi hiyo, yule mama ameketi karibu naye akisoma hatua moja moja kwa sauti. Kazi ikaisha vema, na Windows 11 ikaingia.

Sasa kando ya kompyuta limefungwa daftari kwa uzi. Kila abadiliye jambo huandika tarehe, alilobadili, jinsi lilivyokuwa, na jina lake. Tumekubaliana sote kwamba aliyeandika humo haulizwi habari ya kulipa. Tangu hapo mashine imekataa kuamka mara mbili, na mara zote mbili sababu ilionekana katika mstari wa mwisho wa daftari, kabla fundi hajaitwa.